Mdudu Ndani ya Bangili

Tulimwacha Jepchumba Kitale, ameketi kwenye kigoda chake nyuma ya duka la ushonaji la Nyambu, koleo mkononi, machozi mashavuni. Kama wiki iliyopita ulifungia mandazi gazeti hili kabla hujalisoma, usijali. Nitakukumbusha upesi, maana leo hatuna muda wa kupoteza.

Jepchumba ni fundi wa mapambo. Mikufu mipana ya shanga, hereni, bangili za shaba, vyote anavitengeneza kwa mtindo wa Misri ya kale, kama vile vya malkia wa kwenye vitabu vya historia. Wateja wake Wabukusu humwambia, "Sisi ndio tulitoka Misri." Wateja wake Wakalenjin, ambao ni watu wake, humwambia, "Wachana na hao, ni sisi tulitoka Misri." Yeye huwakubalia wote na kuwafungia mzigo.

Ndani ya kila kitu anachotengeneza hugonga alama yake: kamdudu kadogo, yule mdudu anayeviringisha mavi ya ng'ombe. Wamisri wa zamani walimheshimu sana. Mamake Jepchumba hajawahi kuelewa. "Maua yote Mungu ameumba, wewe ukachagua mdudu wa mavi?"

Sasa huyu Jepchumba anapendana na Wabwile, daktari wa mifugo, kijana wa Naitiri kule Bungoma. Na ana mimba yake. Hiyo mimba wanaijua yeye na Nyambu tu. Wabwile mwenyewe hajaambiwa, kwa sababu Jepchumba alitaka ndoa ikubaliwe kwanza kwao, watu wasije wakasema ametanguliza mtoto ili afunguliwe mlango.

Mwenye kuikubali ndoa hiyo ni Eliakim, baba mdogo wa Wabwile, maana babake Wabwile alishafariki. Eliakim ndiye aliyekuja Kitale na picha kuukuu ya marehemu babake, mzee amevaa bangili nzito ya shaba. "Nitengenezee kama hii," akasema. "Ni ya kumbukumbu tu, ya kuweka kwa kabati." Akanyoosha mkono, akapimwa. Jepchumba akaifanya kwa moyo wote. Shaba aliitoa kwa fundi wa kuwaindi mota, yule anayesuka upya nyaya za mota za kusaga mahindi zilizoungua. Akaizeesha kwa majivu na mkojo wa ng'ombe mpaka ikawa kama imefukuliwa.

Wiki iliyopita ndipo alipogundua kwamba hakuna cha kabati wala nini. Bangili ya mzee ilikuwa imetoweka kwenye sanduku lake, sanduku ambalo ufunguo anao Eliakim, na Eliakim hakumwambia mtu. Jumamosi hii angevishwa ile ya Jepchumba mbele ya ukoo mzima, kama ndiyo yenyewe, awe msemaji wa nyumba ile. Na msemaji ndiye anayekubali ndoa na kukataa ndoa.

Jepchumba alipompigia simu kumuuliza, Eliakim hakubabaika hata kidogo.

"Wewe si unataka kuolewa hapa kwetu?"

"Ndiyo, baba."

"Basi nyamaza. Mimi nikivaa hiyo kitu Jumamosi, neno langu la kwanza itakuwa ni ndoa yako. Harafu ukifungua mdomo, huyo kijana utakuwa unamsikia tu kwa majirani."

Akakata simu. Hapo ndipo tulipoishia, na hapo ndipo machozi yalipotoka.

Jumamosi ikafika, kama Jumamosi zote zinavyofika hata ukiziombea zichelewe.

Jepchumba alikuwa ameamua haendi. Nyambu, rafiki yake mshonaji, alikuwa amemkubalia. "Sema tumbo inauma," alimwambia, sindano mdomoni. "Si hata ni ukweli? Asubuhi yote umekuwa ukitapika huko nyuma."

"Na akija kuniangalia?"

"Atakuja na nini, ambulensi? Huyo yuko Naitiri anapanga viti."

Hata hajamaliza kusema, pikipiki ikanguruma mlangoni. Wabwile huyo, na helmeti ya pili imening'inia mkononi, anacheka peke yake.

"Malkia wa Misri, panda twende."

"Wabwile, sijisikii vizuri."

"Hapana bana. Kukhu amesema bila wewe hakuli. Na baba mdogo mwenyewe ndiye amenituma. Ati nikulete nikiwa nimekubeba mgongoni kama unakataa."

Kukhu ni nyanya yake, mjane wa yule mzee wa bangili. Nyambu alimtazama Jepchumba, Jepchumba akamtazama Nyambu. Ni nani anayekataa kukutana na nyanya wa mchumba wake siku nyanya mwenyewe amemwita kwa jina? Alijifunga leso, akavaa helmeti, akapanda.

Njiani aliahidi moyoni kwamba atamwambia. Kwanza la bangili, kisha la mimba. Waliposimama Kiminini kunywa soda, akaona wakati ndio huo.

"Wabwile, kuna kitu nataka kukuambia. Ni kuhusu babako mdogo."

"Najua," akasema Wabwile. "Ni mtu mgumu. Lakini ameniahidi, Jep. Ameniambia kwa mdomo wake, leo ndiyo siku. Unajua mamangu jana ameimba? Anaosha vyombo na anaimba. Tangu babangu aende sijawahi kusikia mamangu akiimba."

Jepchumba aliitazama chupa ya soda.

"Ulikuwa unasema?"

"Nilikuwa nasema tu ni mtu mgumu."

Lo! Jepchumba wangu. Pale Kiminini ndipo mlango ulipokuwa wazi, na hakuna hata aliyekuwa ameusimamia. Lakini haya twende nao, maana wameshaacha lami.

Naitiri walikuta hema zimesimama, viti vya plastiki vimejaa, kwaya ya akina mama imekwisha pasha koo. Mama Agneta, mamake Wabwile, alitoka jikoni akiwa na unga mikononi akamkumbatia hivyo hivyo, akamwachia alama nyeupe mgongoni.

"Karibu mwanangu. Umekonda? Kitale hakuna chakula?"

Eliakim naye akaja, koti jipya, kofia mpya, mkono umenyooka kusalimia. Alimshika Jepchumba kiwiko na kukiminya huku akitabasamu kwa ajili ya watu.

"Umekuja. Vizuri sana. Sasa kaa mahali naweza kukuona."

Hakupata hata kukaa. Msichana mmoja alitoka nyumba ya Kukhu na ujumbe kwamba bangili ipelekwe ikapakwe mafuta, kama ada ya nyumba ile ilivyo, na kwamba msichana wa Kitale aje ashike bakuli.

Eliakim hakuwa amelipanga hilo. Lakini utamkataza vipi mjane kupaka mafuta bangili ya mumewe? Wakaingia wote wawili, yeye na kitambaa chenye bangili, Jepchumba na bakuli la mafuta ya simsim.

Kukhu Phelista alikuwa ameketi kitandani, miguu haifiki chini. Macho yake yalikwisha zamani. Alimpapasa Jepchumba uso, kisha mikono, akakaa sana kwenye vidole.

"Hii ni mikono ya kazi," akasema. "Sugu hapa, kovu hapa. Umeungua?"

"Ni moto wa shaba, Kukhu."

"Mm. Mume wangu alipenda mtu wa mikono. Lete hiyo kitu."

Eliakim akamwekea bangili magotini. Kukhu alichovya vidole kwenye mafuta, akaanza kuipaka polepole, nje kwanza, akiizungusha kama mtu anayemwogesha mtoto. Kisha kidole gumba kikaingia ndani.

Kikasimama.

Jepchumba akakumbuka. Kamdudu! Alikuwa amekagonga kamdudu kake ndani ya bangili, kwa mazoea tu, kama vile wewe unavyofunga mlango na kusahau kama umefunga. Eliakim hakuwa amekaona, maana nani huchungulia ndani ya bangili? Lakini Jepchumba alijua dole gumba linaona nini. Yeye mwenyewe kazi yake yote huikagua kwa dole gumba, macho huyatumia kwa kupendezwa tu.

Kukhu alikapapasa kale kamdudu, mbele na nyuma, bila haraka.

"Eliakim."

"Mama."

"Hii ndiyo ya babako?"

"Ndiyo hiyo, mama. Naapa mbele ya..."

"Usiape bado. Utaapa huko nje, watu wakisikia." Akageuza uso. "Na wewe mwanangu, una neno?"

Hapo Jepchumba aliinua macho. Eliakim alikuwa amesimama nyuma ya bega la mamake, akimtazama bila kupepesa. Jepchumba akalibana bakuli la mafuta kifuani. Aliwaza habari za mtoto. Aliwaza habari za Mama Agneta anaimba akiosha vyombo.

"Sina, Kukhu."

Kukhu akaikunja bangili ndani ya kitambaa.

"Haya. Tokeni. Niacheni na mume wangu kidogo."

Nje, Eliakim alitoa leso akafuta jasho la shingo, kisha akaanza kucheka chinichini. "Umeona? Macho ilikwisha, na akili pia inakwisha. Hajui kitu."

Jepchumba moyoni alikuwa na tumaini dogo analolikumbatia: labda Kukhu amejua, na amependa kufunika. Wazee hufunika mambo mengi kwa ajili ya amani. Labda amemhurumia mwanawe. Labda amenihurumia mimi, akawaza. Mtu aliyebanwa hula hata labda.

Kwaya ikaimba, mchungaji akaomba, tena akaomba sana. Kisha Mama Agneta akamwongoza Kukhu hadi katikati ya uwanja, na kitambaa kimekumbatiwa kifuani. Alikifungua mbele ya watu wote. Bangili ilikuwa nyeusi kwa mafuta, inametameta. Wazee waliokuwa wameketi mbele waliguna wakiiona. Mmoja alivua kofia.

"Eliakim," Kukhu akaita. "Sema sasa."

Eliakim alisimama, akajaza kifua. Huyo mtu, haya zake aliziacha tumboni mwa mamake. "Shaba hii ni ya babangu mzazi! Ndiyo hii, si ingine! Kama nasema uongo, inikaze mpaka kwa mfupa!"

Watu wakaitikia. Jepchumba akafumba macho.

"Vizuri," Kukhu akasema. "Sasa wageni hawajui, wacha niwaambie. Bangili hii ina mdomo wazi. Ukishaivaa, inafungwa kwa nyundo, na haifunguliwi mpaka mtu azikwe. Na katika nyumba hii haifungwi na mtu wa damu. Inafungwa na mgeni. Akishafunga, yeye si mgeni tena. Anakuwa mtoto wa nyumba hii." Akanyoosha mkono hewani, kuelekea mahali ambapo harufu ya simsim ilikuwa. "Mimi nataka afunge huyu Jepchumba."

Makofi yakapasuka. Na Jepchumba? Masikini, moyo ulimruka kwa furaha! Mtoto wa nyumba hii! Mbele ya ukoo, mbele ya mchungaji, Mkalenjin mzima ameitwa mtoto wa nyumba ya Wabukusu! Alidhani amepokelewa. Alidhani hiyo ndiyo ndoa yenyewe imekubaliwa, na hata ahadi ya Eliakim haihitajiki tena.

"Nakubali, Kukhu!" akajibu kwa sauti kubwa, kabla hata makofi hayajaisha.

Ndipo alipoona kwamba Mama Agneta hapigi makofi. Alikuwa ameshika mdomo. Na Wabwile alikuwa amesimama, uso umemparara kama mtu aliyeitwa hospitalini.

Wabwile ndiye aliyepewa nyundo aipeleke. Aliinama kama anayemwekea mkononi, akanong'ona kwa meno yaliyofungwa.

"Jep, umekubali nini?"

"Si ameniita mtoto wa nyumba?"

"Mtoto! Si bibi, mtoto! Wakati kuka, babu yetu, alivishwa, aliyefunga ni mtu mmoja alikuwa anauza ng'ombe Suam, hata kabila yake hakuna anajua. Mpaka leo watoto wake na sisi hatuwezi kuoana. Ni damu, Jep. Ukipiga hiyo nyundo wewe ni dada yangu."

Jepchumba alisikia maneno yakiingia moja moja.

"Hakuniambia."

"Anafikiri unajua. Kila mtu hapa anajua! Kataa."

"Nimeshakubali mbele ya watu wote."

"Basi toa sababu. Sema sababu yoyote ile!"

Sababu! Sababu alikuwa nayo moja tu, na yote ilikuwa imekaa pale juu ya kitambaa ikimetameta. Aseme, "Bangili hii ni ya uongo, nimeitengeneza mimi kule Kitale." Basi hakuna udada, hakuna damu, hakuna kitu. Lakini pia hakuna ndoa, maana Eliakim ataaibika na kukataa mpaka kufa kwake, na Wabwile atajua kwamba msichana wake alikaa na uongo huo kifuani njia nzima kutoka Kitale, na Mama Agneta hataimba tena.

Akamtazama Eliakim, labda amwokoe. Kumbe Eliakim alikuwa anatabasamu! Tabasamu la kweli safari hii, mpaka jino la dhahabu likaonekana. Eliakim hakuwa amemtaka Mkalenjin tangu mwanzo. Na sasa atapata bangili, na ahadi yake haitadaiwa na mtu.

"Funga," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, akikunja mkono wa shati. "Funga, binti yangu."

Hilo "binti yangu" lilimchoma Jepchumba mpaka kwenye uti wa mgongo. Na hasira, ndugu zangu, hasira ina akili zake. Ndani ya kichwa chake kukawa kweupe ghafla.

Kwani ni bangili ya nani hii? Ni yangu. Ina mdudu wangu ndani. Imetoka kwa mota za kusaga mahindi. Shaba ya mota itanifanya vipi dada ya mtu? Nitapiga, nitanyamaza, watakula, wataenda. Jioni nitamweleza Wabwile yote, na tutakwenda kwa Kukhu sisi wawili tu, tumwambie pale kitandani, akapapase mdudu mara ya pili. Bangili ya uongo imefungwa kwa uongo. Hakuna damu hapo.

Ulikuwa mpango mzuri. Hata mimi ninayekusimulia nilipousikia mara ya kwanza niliona ni mzuri.

Alipiga magoti. Kukhu alikuwa ameketishwa karibu kabisa, kiasi kwamba magoti yao yaligusana.

"Mwanangu," Kukhu akasema, taratibu, "kabla hujapiga. Una neno?"

Wabwile alisogea karibu asikie.

"Sina, Kukhu. Nafunga."

Kukhu akampa bangili.

Kuipitisha mkononi mwa Eliakim kulikuwa kazi. Ilimbana. Jepchumba alishangaa, maana alimpima mwenyewe kwa uzi na akamwachia nafasi. Akadhani ni woga umemvimbisha mwizi mkono. Akaweka jiwe chini, akaulaza mkono juu yake, akainua nyundo.

Akapiga.

Mlio haukuwa wa shaba yake.

Jepchumba anajua shaba kama wewe unavyoijua sauti ya mamako. Ile yake aliipasha moto ikaiva, akaizima kwenye maji, ikawa laini, nyundo ikiigusa inakubali tu bila makelele. Hii ililia. Nyundo iliruka juu kama imegonga reli. Akapiga tena kwa mazoea ya mkono, na midomo ya bangili ikasogeleana kwa ubishi, shaba ya zamani, shaba iliyogongwa na watu waliokwisha kuoza, ikakutana.

Imefungwa.

Alijifanya anakagua kazi. Akapenyeza dole gumba kati ya shaba na nyama ya Eliakim, akapapasa ndani. Laini. Akazungusha. Laini, imelika kwa ngozi ya mtu aliyeivaa maisha yake yote. Akatafuta upande wa pili.

"Unafanya nini?" Eliakim akakunja uso. "Unaniumiza. Toka hapo."

Hakukuwa na mdudu.

Kukhu akainama mpaka pumzi yake ya tumbaku ikamfikia Jepchumba shavuni.

"Unamtafuta mdudu?" akauliza polepole. "Yuko chini ya mto wangu. Hii ni ya mume wangu. Niliitoa kwa sanduku siku ile tulimzika, kabla Eliakim hajapewa ufunguo, kwa sababu mtoto wangu namjua."

Eliakim alisikia. Akaishika bangili kwa mkono wa pili na kuivuta, kwanza kwa siri, kisha kwa nguvu, lakini haikusogea hata kidogo. Marehemu alikuwa mtu mwembamba.

"Umeapa, Eliakim," Kukhu akamwambia bila kumgeukia. "Ikukaze mpaka kwa mfupa. Watu wamesikia."

"Kukhu, nisamehe," Jepchumba akanong'ona. "Kukhu, ifungue. Nitasema yote. Nitasema sasa hivi."

"Sasa utasema nini? Yeye ameapa uongo, wewe umenyamazia uongo. Kule ndani nilikuuliza. Hapa nimekuuliza tena." Mkono wa bibi kizee ukatafuta uso wake, ukapata machozi, ukayafuta, na huo wema ulimuumiza Jepchumba kuliko kofi. "Ungesema tu, mwanangu. Ningesimama hapa hapa, niseme huyu ndiye bibi ya Wabwile, na Eliakim angefanya nini? Nilikuwa nimekupenda. Nimechagua msichana wa ukweli kwa mjukuu wangu, nikangoja aseme. Hukusema."

"Ifungue, Kukhu!"

"Hii haifunguliwi. Si nimewaambia watu wote?"

Na Kukhu akasimama. Mwili ule mdogo ulitoa sauti iliyofika mpaka barabarani.

"Watu wa nyumba hii! Tumepata mtoto!"

Vigelegele! Akina mama wa kwaya wakaruka, viti vikaanguka, mtu akapuliza filimbi. Hawakujua kitu, masikini, wao walikuwa wanafurahia tu. Jepchumba alibaki magotini katikati ya shangwe ile, nyundo kando, kila upande ni sketi na viatu na vumbi, wala hakuna hata upenyo wa kutokea.

"Wabwile!" Kukhu akaita. "Wewe ndiye mkubwa wa wajukuu. Njoo umsalimie dada yako."

Watu wakampisha. Wabwile akaja, hatua za mtu anayefuata jeneza. Alisimama mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili, kama mtu wa kwao anavyomsalimia dada aliyetoka mbali. Machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi mpaka kidevuni na hakuyafuta.

"Karibu," akasema. Neno la pili lilimshinda.

Jepchumba alitaka kumpa mkono. Naapa alitaka. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imekwenda tumboni yenyewe, ikajifunga pale juu ya leso, na haikukubali kutoka.

Aliyeiona ni Mama Agneta. Mwanamke aliyezaa huijua ile mikono. Akapenya katikati ya watu mpaka akasimama kati ya mwanawe na Jepchumba, unga bado mikononi.

"Nyamazeni!" akapiga kelele, na kwaya ikanyamaza. "Nyamazeni wote!" Akamgeukia Kukhu, mama mkwe wake. "Mayi, huyu binti yetu ana mimba ya nani?"